Amri iliyokwama haisikii Ctrl+C wala kill -9: je, nizime seva kwa nguvu?

Mwalimu wa kompyuta, Arua

Salamu kwenu nyote. Ninasimamia chumba cha kompyuta katika shule moja ya sekondari hapa Arua. Kompyuta mojawapo, inayotumia Ubuntu, ndiyo seva yetu: humo ndimo zinamokaa alama za wanafunzi, hesabu za karo na orodha za watahiniwa. Asubuhi nilianza kunakili folda yote ya alama kwenda kwenye diski ya nje ya USB, ambayo imeumbizwa kwa ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux), kwa amri ya kawaida ya `cp -a`. Kazi ilianza vizuri, kisha ikasimama. Taa ya diski imebaki ikiwaka bila kupepesa, na hakuna faili jipya linalofika upande wa pili.

Nimebonyeza Ctrl+C; alama ya `^C` inaandikwa kwenye skrini lakini amri haikomi. Nimefungua terminali nyingine, nikatafuta namba ya mchakato huo na kuupelekea `kill`, halafu `kill -9`, na bado upo pale pale kwenye orodha. Vitabu tunavyofundishia husema kwamba hakuna programu inayoweza kuikataa `kill -9`. La kushangaza zaidi ni kwamba prosesa haina kazi yoyote, ilhali kipimo cha mzigo wa mashine kinazidi kupanda.

Ningependa kuelewa mambo mawili. Kwanza, amri kama hii inapata wapi uwezo wa kukaidi, hata mwenye mamlaka ya juu kabisa kwenye mashine ashindwe kuisimamisha? Pili, je, ni salama kushikilia kitufe cha kuzimia, nikijua kwamba kwenye seva hiyo hiyo mwenzangu wa ofisi ya karo anaendelea kuingiza malipo? Umeme hapa hukatika bila taarifa na UPS tuliyo nayo ni ndogo, kwa hiyo sipendi kuliacha jambo hili lijiamulie lenyewe.

Fundi, Gulu

Pole sana, Mwalimu. Mimi hali hiyo ikinikuta hushikilia kitufe mpaka mashine izime, kisha naiwasha upya. Mfumo wa ext4 una daftari lake la mabadiliko, na mashine ikiwaka hulisoma daftari hilo na kujirekebisha. Usijisumbue kutafuta namba za michakato. Seva itarudi kama kawaida.

Msimamizi wa seva, Kampala

Mwalimu, nakuomba usikiguse kitufe hicho kwanza. Ndugu yetu wa Gulu amesema kweli kuhusu daftari la ext4, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida daftari hilo hulinda muundo wa mfumo wa mafaili, yaani majina, folda na ramani ya mahali kila faili lilipo. Haliahidi kwamba yaliyomo ndani ya faili yote yalikwisha kufika kwenye diski. Malipo ambayo mwenzako ameingiza sekunde chache zilizopita yanaweza kuwa bado yapo kwenye kumbukumbu ya RAM, na ukikata umeme yatapotea bila hata ujumbe wa onyo.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, kwa sababu ukilielewa hilo, la pili litajijibu. Ctrl+C si nguvu; ni ishara tu, namba 2, ambayo terminali huupelekea mchakato. `kill` bila namba hupeleka ishara namba 15. Hizi mbili programu inaweza kuzikamata, ikazipuuza au ikazitumia kama nafasi ya kusafisha meza yake kabla ya kuondoka. Namba 9 ni tofauti: programu haiulizwi wala haijulishwi, keneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo endeshi, ndiyo inayoiua. Vitabu vyenu havikukosea. Ila kuna sharti ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nalo ni kwamba keneli hutekeleza hukumu hiyo pale tu mchakato unapokuwa mahali ambapo unaweza kuuawa bila madhara, kwa mfano unaporudi kutoka ndani ya keneli kwenda kwenye msimbo wake wenyewe, au unapokuwa umelala usingizi wa aina inayoruhusu kuamshwa na ishara.

Programu yako ya `cp` haiko katika hali hizo. Iliiomba keneli iandike kitu kwenye diski, keneli ikaupokea wajibu huo, na mchakato ukalazwa usingizi usioamshwa na ishara yoyote mpaka kifaa kijibu. Kwa hiyo `cp` haikukaidi kitu. Ishara zako zote zimefika na zimewekwa foleni, lakini haijapata nafasi ya kuzipokea.

Utauliza kwa nini usingizi wa namna hiyo ukaruhusiwa kabisa. Fikiria usomaji wa diski. Kidhibiti cha diski kimeelekezwa kwamba data ikipatikana ikawekwe moja kwa moja katika ukurasa fulani wa kumbukumbu, bila kupitia kwenye prosesa. Kama keneli ingekubali kuuzika mchakato katikati ya kazi hiyo na kuugawa ukurasa ule kwa programu nyingine, diski ingekuja kumimina data yake juu ya kumbukumbu ya mtu asiyehusika. Zaidi ya hayo, pale mchakato ulipolala pengine umeshika kufuli ambalo wengine wanalingojea, na umebadilisha nusu ya orodha ambayo nusu yake ya pili haijaguswa. Kuuondoa hapo ni kuliacha kufuli limefungwa na orodha ikiwa imevunjika. Waliounda Unix walikubali gharama hiyo kwa kuwa walitarajia diski ijibu kwa muda mfupi sana, na kwa diski nzima ndivyo inavyokuwa: mchakato huingia na kutoka katika hali hiyo mara nyingi kwa sekunde moja, wala huoni lolote. Tatizo linaonekana pale kifaa kinapokaa kimya.

Hilo ndilo linaloeleza pia kipimo chako cha mzigo. Katika Linux kipimo hicho hakihesabu tu michakato inayotaka prosesa. Huhesabu na ile iliyolala usingizi huu. Kila programu mpya inayoigusa diski hiyo hujiunga na foleni na kupandisha namba, huku prosesa ikiwa haina la kufanya.

Tafadhali endesha amri hizi mbili, kisha utuwekee matokeo:

`ps -eo pid,stat,wchan:32,cmd | grep ' D'`

`sudo dmesg -T | tail -n 40`

Ya kwanza itaonyesha michakato yote yenye herufi D, ambayo ndiyo alama ya usingizi usiokatizwa, pamoja na jina la sehemu ya keneli ambamo kila mmoja umelala. Ya pili itakuonyesha keneli yenyewe inalalamikia nini. Mchakato ukikaa katika hali ya D zaidi ya sekunde 120, kwa kawaida keneli huandika taarifa humo. Angalia pia usichanganye D na Z: Z ni mchakato uliokwisha kufa, ambao mzazi wake, yaani mchakato uliouanzisha, bado hajaupokea, na huo nao haufi kwa `kill -9` kwa sababu hauna uhai wa kuondolewa.

Mwalimu wa kompyuta, Arua

Nashukuru sana, mzee wangu. Matokeo ni haya. Mchakato wa `cp` una `D+`, na kwenye safu ya `wchan` pameandikwa `wait_transaction_locked`. Chini yake upo mwingine ambao sikuuanzisha mimi, unaitwa `jbd2/sdb1-8`, nao una D. Katika `dmesg` kuna mistari mingi inayojirudia kwamba kifaa cha USB kimewekwa upya, ikifuatwa na makosa ya kusoma na kuandika kwenye `sdb`, yaani ile diski ya nje, na taarifa kwamba kazi ya `cp` imezuiwa kwa zaidi ya sekunde 120. Mafaili ya karo na alama yenyewe yako kwenye `sda`, diski ya seva yenyewe, ambayo haikutajwa popote. Diski ya nje imechomekwa kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, pamoja na kipanya na kibodi.

Msimamizi wa seva, Kampala

Umeleta kila kitu kilichohitajika. `jbd2` ni mtumishi wa keneli anayelitunza lile daftari la mabadiliko la ext4 kwenye diski ya nje. Anajaribu kufunga ukurasa mmoja wa daftari, diski haimjibu, na `cp` inamngoja yeye. Kwa hiyo ukiendelea kuipiga `cp` kwa `kill` utakuwa unampiga aliye nyuma kwenye foleni, wakati aliyeziba mlango ni kifaa.

Chanzo nakishuku kuwa ni kile kigawanyio. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni hutoa miliampea 500, na la USB 3.0 hutoa 900. Diski ndogo ya nje hula umeme wake wote kupitia waya huo mmoja, na ikigawana na vifaa vingine viwili, umeme hupungua pale hasa inapoandika kwa nguvu. Inazima kidogo, keneli inaiweka upya, inajaribu tena, na mzunguko unaendelea.

Kwa kuwa nakala asili iko salama kwenye `sda`, chomoa waya wa diski ya nje. Najua tunawakataza wanafunzi wasifanye hivyo, na katika siku za kawaida katazo hilo ni sahihi. Hapa ndiyo njia ya kumpa keneli jibu alilolikosa: kifaa hakipo tena. Maombi yote yaliyokuwa yakingoja yatarudishwa yakiwa na kosa, daftari litafungwa kwa kuvunjwa, `cp` itaamka, itakutana na ile ishara namba 9 iliyokuwa ikiisubiri, nayo itakufa papo hapo. Seva itabaki ikifanya kazi na mwenzako wa karo hatagundua kitu. Kilichonakiliwa kwenye diski ya nje usikiamini. Ichomeke baadaye moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la kompyuta, endesha `e2fsck -f` ikiwa haijaunganishwa kwenye mfumo, halafu tazama afya yake kwa `smartctl -a`, hasa idadi ya sekta zinazosubiri kubadilishwa.

Endapo kuchomoa kusingesaidia na ikakulazimu kuwasha upya, bado usingeanza na kitufe. Ungemwomba mwenzako afunge kazi yake, halafu kama `root` (mwenye mamlaka ya juu kwenye mashine) uandike `echo s > /proc/sysrq-trigger` ili data iliyo kwenye kumbukumbu isukumwe kwenye diski isiyo na hitilafu, kisha `u` ili mifumo ya mafaili igeuzwe kuwa ya kusoma tu, na mwisho `b` ya kuwasha upya. Ukipeleka `b` peke yake utakuwa umefanya sawa na kile kitufe.

Mhandisi wa mtandao, Mbarara

Naomba kuongeza upande wa mtandao, kwa sababu taasisi nyingi hazitumii diski ya USB bali folda iliyo kwenye seva nyingine kwa njia ya NFS, na hali hii hii hutokea swichi ya mtandao ikizimika kwa kukosa umeme. Folda ya NFS kwa kawaida huunganishwa kwa namna inayoitwa `hard`: seva isipojibu, mteja, yaani kompyuta inayoitumia folda hiyo, anaendelea kuomba bila kikomo. Zamani mchakato uliokwama hivyo ulikuwa hauondoleki kabisa. Mwaka 2008, katika toleo la 2.6.25, keneli ya Linux ilipata aina ya tatu ya usingizi, unaopuuza ishara zote isipokuwa zile za kuua, na NFS ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza kuutumia. Tangu hapo lile chaguo la zamani la `intr` halina kazi tena, ingawa bado naliona limenakiliwa katika mafaili ya mipangilio ya watu wengi.

Kuna wanaopendekeza `soft`, ili mteja akate tamaa baada ya majaribio machache na kurudisha kosa. Mimi ninaipinga kwa folda yoyote inayoandikwa. Programu nyingi hazikaguliwi vizuri upande huo. Zinapokea kosa, zinaendelea, na faili linabaki na pengo katikati ambalo hutaliona mpaka siku utakapolihitaji. Amri iliyoganda unaiona na unaweza kuishughulikia, lakini alama za mwanafunzi zilizopotea kimya kimya hazina wa kukuambia. Tumia `hard`, na UPS iwekwe kwenye swichi pia, si kwenye seva peke yake.

Mtunza hifadhidata, Jinja

Mada ni nzuri, na ningependa tusiishie kwenye amri zisizoweza kukatizwa. Zipo pia zinazokubali kukatizwa lakini gharama ya kuzikatiza ni kubwa kuliko ya kuzingoja, nazo kwa mtu wa ofisi ya karo zina hatari zaidi. Mtu anaanzisha badiliko moja linalogusa safu zote za jedwali kubwa katika hifadhidata ya MySQL, anaona limechukua muda, analiua. Amri inakubali kufa, lakini InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi data, sasa lazima irudishe kila safu iliyokwisha badilishwa katika hali yake ya awali, na kurudisha huko mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyochukua. Akiizima seva kwa hasira haimsaidii, kwa kuwa ikiwaka itaendelea kurudisha kutoka ilipoachia. Katika PostgreSQL, hifadhidata nyingine, kuna mtego mwingine: ukiua mchakato mmoja wa mteja kwa `kill -9`, mchakato mkuu hauwezi kujua kama kumbukumbu ya pamoja imeharibiwa, hivyo huwakata wateja wote na kuanza upya. Mtu aliyekuwa akiingiza risiti kwenye meza ya jirani anatupwa nje kwa kosa lisilo lake. Njia ya kistaarabu ni `pg_cancel_backend`, na ikishindikana `pg_terminate_backend`.

Kwa hiyo uamuzi wa maana hufanywa kabla ya kubonyeza Enter. Badiliko kubwa ligawe katika mafungu ya safu elfu chache, kila fungu likiwa muamala wake. Umeme ukikatika unapoteza fungu moja tu. Kunakili nako kufanye kwa `rsync -a` badala ya `cp`, kwa sababu `rsync` huandika kwanza faili la muda lenye jina lililofichwa na kulibadilisha jina pale tu linapokamilika, kwa hiyo ukiikatiza hutabaki na faili nusu lenye jina la faili zima, na ukiianzisha tena huruka yale yaliyokwisha fika. Na kama unafanya kazi kwa `ssh` kutoka mbali, anzia ndani ya `tmux`, programu inayoiacha kazi iendelee hata ukikatika, la sivyo intaneti ikikatika terminali hupeleka ishara namba 1 na kazi yako hufa nusu ya njia.

Zimo chache zisizogawanyika: kuandika upya programu ya ndani ya ubao mama, kupunguza ukubwa wa mfumo wa mafaili kwa `resize2fs`, au kufuta diski kwa ile amri ya ATA inayotekelezwa na diski yenyewe, ambayo kompyuta haina njia ya kuiita irudi. Hizo mimi sizianzishi kwa umeme wa ukutani peke yake; naangalia kwanza chaji ya UPS na makadirio ya muda wa kazi, na visipolingana kazi inaahirishwa.

Mwalimu wa kompyuta, Arua

Nimechomoa waya kama alivyoelekeza mzee wa Kampala, na `cp` imetoweka kwenye orodha mara moja pamoja na wenzake wote waliokuwa na D. Ofisi ya karo haikukatizwa. Diski nimeihamishia kwenye tundu la nyuma, `e2fsck` imerekebisha makosa machache, na sekta zinazosubiri ni sifuri, kwa hiyo nakubali kwamba kigawanyio ndicho kilichokuwa na shida. Sasa ninanakili upya kwa `rsync`.

Nina swali moja la mwisho linalohusiana na hili. Wanafunzi wakinakili kazi zao kwenye flashi, `cp` humaliza kwa sekunde chache, lakini wakitaka kuitoa, `umount` hukaa kimya kwa dakika kadhaa na haikubali Ctrl+C. Je, ni ugonjwa ule ule?

Msimamizi wa seva, Kampala

Nimefurahi, Mwalimu. Hapana, huo si ugonjwa, kifaa ni kizima ila ni polepole. `cp` inapomaliza, sehemu kubwa ya data bado iko kwenye RAM ikisubiri kuandikwa. Mpangilio wa kawaida wa keneli huruhusu data ya namna hiyo ifikie takribani asilimia 20 ya kumbukumbu iliyopo kabla ya kuwalazimisha waandishi kungoja. Kwenye mashine ya RAM ya gigabaiti 16 hiyo ni kama gigabaiti 3, na flashi ya bei nafuu inayoandika megabaiti 5 kwa sekunde itazimaliza kwa dakika kumi. `umount` haiwezi kuondoka kabla data hiyo haijafika, na ndiyo sababu inakaa katika hali ile ile ya D.

Wafundishe wanafunzi waangalie `grep -E 'Dirty|Writeback' /proc/meminfo`. Wataziona namba zikishuka mpaka karibu na sifuri, na wataelewa kwamba kazi inaendelea. Kama mngependa kungoja kuonekane wakati wa kunakili badala ya wakati wa kutoa, weka `vm.dirty_bytes` kuwa megabaiti 64 na `vm.dirty_background_bytes` kuwa megabaiti 16, ukiziandika kwa baiti kamili, katika faili jipya ndani ya `/etc/sysctl.d`. Fanya hivyo kwenye kompyuta za wanafunzi. Kwenye seva acha mpangilio ulivyo, kwa kuwa kule nafasi hiyo ya RAM inaisaidia hifadhidata ya karo kwenda kasi.